Mashine za santuri za sarafu: Columbia BS, Hexaphone, Gabel au Wurlitzer 1015?

Mtu akishanogewa na kukusanya santuri na gramofoni za zamani, ipo siku ataitamani ile ya kutumbukizia sarafu. Hapo ndipo mashaka yanapoanza. Gramofoni ya nyumbani ilikaa sebuleni, ikafunikwa kitambaa, ikarithiwa na watoto. Mashine ya sarafu haikuwa na bahati hiyo. Ilisimama kwenye baa na kumbi za starehe, ikapigwa vibao na walevi, ikalishwa vipande vya bati badala ya fedha, na siku ilipoacha kuingiza pesa mwenyewe aliitupa, au aliing'oa kifaa cha sarafu akaiuza kama mashine ya kawaida. Ndiyo sababu zilizobaki ni chache, na ndiyo sababu bei zake haziendi kabisa na uzuri wa sauti.

Biashara hii ilianzia San Francisco, Marekani, tarehe 23 Novemba 1889. Louis Glass na mwenzake William S. Arnold waliweka fonografu ya Edison inayotumia betri, mashine ya kucheza silinda za nta zilizotiwa sauti, kwenye baa ya Palais Royale. Haikuwa na pembe ya kutolea sauti. Ilikuwa na mirija minne ya kuweka masikioni, kama ile ya daktari, na kila mrija ulikuwa na tundu lake la sarafu ya senti 5. Watu wanne wakisikiliza wimbo mmoja, wote wanne wamelipa. Taulo lilitundikwa pembeni ili mteja afute mrija kabla ya kuuchomeka sikioni, jambo ambalo baa nyingi za leo wala zisingejisumbua nalo. Kwa chini ya miezi sita mashine hiyo moja iliingiza zaidi ya dola 1,000.

Mashine za kizazi hicho cha kwanza siziingizi kwenye ulinganisho huu, kwa kuwa mnunuzi wa kawaida hazioni sokoni. Naziweka mezani nne ambazo wakusanyaji huzitaja na kuzibishania: Columbia BS ya 1898, Regina Hexaphone, Gabel's Automatic Entertainer ya 1906, na Wurlitzer 1015 ya 1946. Ya mwisho ni jukiboksi kamili, yaani kabati la umeme la kuchagulia nyimbo kwa sarafu, na wapo wakongwe watakaokunja uso kuiona kundi moja na mashine za silinda. Nimeiweka kwa sababu mnunuzi mwenye fedha mkononi huwa anaifikiria pamoja na hizo nyingine, atake asitake.

Tupime kwa nini

Uadimu ndio unaotajwa kwanza, lakini peke yake haukupi picha. Kila mashine nitaipima kwa mambo haya: inapatikana kwa ugumu gani; inacheza nini, na hizo silinda au sahani (santuri bapa) bado zipo; kifaa chake cha sarafu ni cha asili au kimebandikwa; fundi na vipuri; itastahimili vipi nyumba yako, hasa kama nyumba hiyo iko Tanga, Mombasa au Muscat; halafu inamfaa nani.

Kwangu mimi kigezo cha tatu ndicho kizito kuliko vyote. Ukiiondolea mashine kifaa chake cha sarafu unabaki na fonografu ambayo ungeipata kwa sehemu ndogo ya bei hiyo. Na kwa kuwa tofauti ya bei imekaa hapo, ujanja nao umekaa hapo hapo: watu huchukua mashine ya nyumbani, wakaitoboa, wakaifunga kifaa cha sarafu kilichotoka kwingine au kilichochongwa jana.

Columbia BS

Mwaka 1897 kampuni ya Columbia ilitoa mashine ndogo ya silinda iliyoitwa Eagle, kwa jina la sarafu ya dhahabu ya dola 10, kwa kuwa ndiyo ilikuwa bei yake. Mwaka uliofuata ikaivalisha kisanduku cha mwaloni chenye kioo kilichopinda, ikaitia kifaa cha sarafu, ikaipa jina BS na bei ya dola 20. Inakaa juu ya meza au kaunta na mtu mmoja anaibeba.

Upatikanaji: kati ya mashine za sarafu za karne ya 19, hii ndiyo huonekana minadani mara nyingi zaidi. Bado ni adimu, ila mwenye subira huipata. Kioo chake kilichopinda ndicho huvunjika kwanza, na kioo cha asili kinaongeza thamani waziwazi.

Inacheza silinda za dakika 2 tu. Zile za nta ya kahawia za kabla ya 1902 ndizo za rika lake, na ndizo dhaifu kuliko zote. Zile nyeusi zilizofinyangwa baadaye ni ngumu zaidi na hupatikana kwa urahisi zaidi. Silinda za dakika 4 zilizokuja kuanzia 1908 zina mifereji ya sauti iliyobanana mara mbili ya ile ya zamani. Usizijaribu humu, utaziharibu.

Kifaa cha sarafu ni kitu cha kutazama kwa raha. Senti 5 inateremka, uzito wake unasukuma wenzo, breki ya mota inaachia, silinda inaanza kuzunguka. Wimbo ukiisha kichwa cha sauti, kile chenye ncha inayosoma mifereji, huinuliwa na kurudishwa mwanzo, kikisubiri mteja mwingine. Habari njema ni kwamba sarafu ya senti 5 ya Marekani haijabadilika ukubwa wala uzito tangu enzi hizo: milimita 21.2, gramu 5. Ukitoa moja mfukoni leo itafanya kazi. Ikigoma, usiamini maneno ya muuzaji kwamba inataka sarafu ya zamani. Kuna kitu kimepinda ndani.

Ufundi: ni mashine ya springi ya kutia ufunguo, gia zake chache na zinaonekana. Fundi wa saa mwenye mkono mtulivu anaweza kuisafisha. Kazi kubwa huwa ni grisi ya zamani iliyoganda kama gamu kwenye pipa la springi.

Hali ya hewa: chuma na mwaloni vinavumilia. Nta ndiyo haivumilii. Pwani, silinda ya nta ikiachwa kwenye sanduku lake la karatasi bila hewa kavu, ukungu mweupe unaila uso wake na wimbo unageuka mchakacho wa mchanga. Ukungu huo hausafishiki, maana umekwisha kula mifereji yenyewe. Silinda ya nta hushikwa kwa vidole viwili vilivyotanuliwa kwa ndani, kamwe si kwa kuukamata uso wake. Joto la kiganja kwenye nta baridi linatosha kuipasua.

Inamfaa mtu mwenye nafasi ndogo anayetaka kitu halisi cha karne ya 19, anayependa mitambo kuliko muziki. Sauti yake ni ndogo. Anayetaka kuwakaribisha wageni kumi wasikilize pamoja atachoka nayo siku ya kwanza.

Regina Hexaphone

Kampuni ya Regina ya Rahway, New Jersey, ilitajirika kwa masanduku ya muziki yenye sahani za chuma. Fonografu ilipoanza kuliua soko hilo, Regina iliingia kwenye biashara ya silinda, na mwishoni mwa muongo wa kwanza wa karne ya 20 ikatoa Hexaphone. (Baadaye kabisa kampuni hiyo iliishia kuuza mashine za kufyonza vumbi, na wapo Wamarekani wengi wanaoijua kwa hilo tu.)

Hexaphone ni kabati refu la mwaloni lenye vioo juu. Ndani zimepangwa silinda sita kwenye gurudumu. Mteja anazungusha kifundo mpaka namba ya wimbo anaoutaka, anatumbukiza sarafu, gurudumu linaileta silinda mahali pake, na sauti inatoka kwenye pembe ya mbao iliyofichwa ndani ya kabati. Hakuna mirija ya masikioni; chumba kizima kinasikia.

Upatikanaji: ni vigumu zaidi kuliko Columbia BS, ingawa haijafika kiwango cha kutoonekana kabisa. Zinazouzwa mara nyingi zimekarabatiwa, na ukarabati wenyewe hutofautiana sana.

Inacheza nini? Swali hili ndilo wanunuzi husahau kuuliza. Hexaphone za mwanzo ni za dakika 2, za baadaye ni za dakika 4, na kwa nje zinafanana kiasi cha kumchanganya mgeni. Uliza kabla ya kutuma fedha, kwa sababu jibu ndilo litakaloamua ununue silinda gani kwa miaka yote ijayo. Upande mzuri ni kwamba Hexaphone ilikusudiwa silinda za seluloidi (plastiki ya zamani), ambazo hazivunjiki kirahisi na hazishikwi na ukungu kama nta.

Hata hivyo seluloidi si moja. Zile za kampuni ya Indestructible ya Albany zina karatasi ngumu ndani na pete za chuma kwenye ncha, na zinaingia kwenye mashine bila ubishi. Blue Amberol za Edison, zilizoanza 1912, ndizo nyingi sokoni na sauti yake ni nzuri, lakini ndani zina plasta. Plasta ikinyonya unyevu inavimba, silinda inakataa kuingia, na ukiilazimisha inapasuka kwa urefu. Huko Nairobi au Arusha utapata shida kidogo. Zanzibar utaipata yote. Kama chumba chako hakina kiyoyozi kinachofanya kazi mchana na usiku, anza na Indestructible.

Kifaa cha sarafu kimefungamana na mtambo wa kuchagua nyimbo, kwa hiyo ni vigumu kukighushi kuanzia sufuri. Hilo ni jambo la kuipendea. Kinachoghushiwa ni mbao: kabati jipya kwa mtambo wa zamani. Fungua mlango wa nyuma uangalie mbao za ndani. Mbao iliyokaa zaidi ya miaka 100 haina harufu ya vanishi na misumari yake haing'ai.

Ufundi: hapa fundi wa saa hatoshi. Gurudumu, kifundo na kichwa cha sauti vikipishana kidogo tu, sindano ya yakuti inatua kando ya mfereji na kuukwaruza. Anayeijua vizuri yuko Marekani au Ulaya, na utamlipa kwa saa.

Inamfaa mkusanyaji aliyekwisha kuwa na mashine moja mbili, anayetaka kitu cha kuchezea wageni muziki wa silinda bila kubadilisha kwa mkono kila baada ya dakika 2, na mwenye njia ya kumfikia fundi.

Gabel's Automatic Entertainer

Hii tuipitie haraka, kwa sababu uamuzi wake kwa kawaida si wako. Ni wa bahati. John Gabel wa Chicago aliitoa mwaka 1906. Inabeba sahani 24, mteja anachagua, anatia sarafu, anazungusha hendeli, na mashine inafanya yaliyobaki: inaleta sahani, inacheza, inairudisha, na kila wimbo unapata sindano mpya ya chuma bila mkono wa mtu kugusa kitu. Pembe kubwa imekaa juu ya kabati. Pia Gabel aliitia sumaku ya kukamata sarafu bandia za chuma, ushahidi wa wizi aliokuwa akipambana nao.

Upatikanaji: chache mno zimebaki, nyingi kati ya hizo zikiwa mikononi mwa makumbusho na wakusanyaji wakubwa wasiouza. Inacheza sahani za inchi 10 za kasi ya 78 (mizunguko 78 kwa dakika), kwa hiyo chakula chake si tatizo, ingawa kila sahani unayoiweka inalika na uzito wa kichwa cha sauti. Kifaa cha sarafu ni sehemu ya mtambo wote. Vipuri vyake hakuna duka. Kilichovunjika kinachongwa upya kwa kuiga. Inataka nafasi, dari ya kutosha kwa pembe, na chumba kikavu, maana gundi ya kabati za zamani hulegea kwenye unyevu.

Kihistoria ndiyo yenye uzito kuliko zote nne. Sahani nyingi, mteja anachagua, mashine inabadilisha yenyewe: jukiboksi zote zilizofuata zilitembea njia hiyo. Inamfaa taasisi, au mtu ambaye fedha si swali na ambaye yuko tayari kusubiri miaka simu ya dalali. Kama bado unahesabu gharama ya usafiri, si yako kwa sasa.

Wurlitzer 1015

Huyu ndiye anayejulikana hata na asiyekusanya chochote: tao la rangi zinazobadilika, mirija yenye mapovu yanayopanda, na dirisha unapoiona sahani ikiinuliwa mbele ya macho yako. Mbunifu wake ni Paul Fuller. Kati ya 1946 na 1947 zilitengenezwa zaidi ya 56,000.

Namba hiyo inajibu swali la uadimu: si adimu. Ni ghali kwa kuwa inapendwa. Tofauti hiyo ina maana kubwa kwa mnunuzi. Kitu adimu kisichopendwa na wengi kinaweza kukukalia miaka usipate wa kukichukua, wakati 1015 nzuri hupata mteja popote.

Inacheza sahani 24 za inchi 10 za kasi ya 78, upande mmoja tu wa kila sahani. Na hapa msomaji wa Kiswahili ana sababu yake mwenyewe ya kuitazama. Silinda za kibiashara hazitakupa kitu cha nyumbani. Mtafiti Mjerumani Karl Weule alibeba fonografu kusini mwa Tanganyika ya Wajerumani mwaka 1906 na kurekodi nyimbo na ngoma kwenye nta, lakini silinda hizo ziko Berlin na hazipo sokoni. Sahani za 78 ni habari nyingine. Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar, alirekodi Bombay kuanzia 1928 kwa ajili ya kampuni ya santuri ya HMV, na baada yake taarabu na muziki wa dansi wa Afrika Mashariki na Kongo vilitoka kwenye sahani za aina hiyo kwa miongo. Mashine hii inaweza kuimba Kiswahili.

Ila nikuombe jambo: sahani halisi ya Siti usiiweke humo. Mkono wa sauti wa 1015 ni mzito na utaila. Weka sahani za kawaida ambazo unaweza kupata nyingine zikichakaa, na zile adimu zicheze kwenye chombo chepesi cha kisasa.

Kifaa cha sarafu: senti 5, 10 na 25 za Marekani. Vipuri vya karibu kila sehemu vinatengenezwa upya, kuanzia plastiki za pembeni hadi mirija ya mapovu. Fundi wa redio za valvu anaweza kuishughulikia amplifaya. Lakini umeme ndio mtego. Mashine hii ilitengenezwa kwa volti 117 na hezi 60 (mapigo 60 ya umeme kwa sekunde). Transfoma itashusha volti 240 za Kenya au 230 za Tanzania, lakini haibadilishi hezi, na mota yake inafuata hezi. Kwenye hezi 50, sahani ya 78 itazunguka kama 65 na Siti ataimba kwa sauti ya mwanamume. Inabidi kubadilisha puli au kuweka kigeuzi cha hezi. Saudi Arabia, yenye hezi 60, haina tatizo hilo. Oman na Imarati wanalo.

Hatari ya kudanganywa iko kwenye jina. Kuanzia 1986 Wurlitzer ya Ujerumani ilitoa mashine yenye sura ileile, ikaiita One More Time. Za kwanza zinacheza sahani za 45, za baadaye zinacheza CD. Ni mashine nzuri na haina haja ya kuionea aibu, lakini si ya 1946. Ukiona tangazo linasema 1015 halafu picha haionyeshi sahani 24 za 78 kwenye rafu, uliza.

Inamfaa anayetaka mashine ya kutumika, ya kuuza tena bila kuhangaika, na ya kuchezea muziki anaoujua. Mtu wa kutafuta kitu ambacho jirani hana ataiona ya kawaida mno.

Kulingana na hali yako

Kama hii ni mashine yako ya kwanza na unaishi pwani, tazama Wurlitzer 1015 iwapo una nafasi na umeme wa kuaminika, au Columbia BS iwapo unaishi kwenye fleti. Kwa BS, tenga fedha za kabati kavu la silinda kabla ya kununua silinda yenyewe.

Uko Minnesota, Toronto au London, na fundi anafikika kwa gari? Hexaphone inakuwa chaguo la maana zaidi kuliko kwa mtu aliye mbali, kwa sababu gharama yake halisi ni matengenezo. Hakikisha tu umejua ni ya dakika ngapi.

Kama unanunua kwa ajili ya mgahawa au hoteli ambako watu watatia sarafu kweli, achana na silinda zote. Zinalika kila zinapocheza. Chukua 1015, au hata ile One More Time, na uwape wateja sarafu za kutumia kwenye kaunta.

Kama unawekeza na hutaki kuipiga hata mara moja, basi karatasi ni muhimu kuliko vanishi: mashine isiyong'aa yenye kifaa chake cha asili na historia ya nani aliimiliki inaipita ile iliyokarabatiwa ikang'aa. Muuzaji akikataa kukutumia video ya sarafu ikitumbukia na mtambo ukizunguka mpaka ujirudishe mwanzo, chukulia kwamba haufanyi kazi, na toa bei kwa hesabu hiyo.

Na kama dalali atakupigia akisema amepata Gabel, mwulize kwanza ilipo. Halafu nenda uione mwenyewe.